Hita ya maji ya injini: Namna inavyounganishwa katika gari kuukuu la dizeli

MKENYA anayehamia Alberta nchini Kanada, Minnesota nchini Marekani au mji wowote wa Finland hukutana na jambo la kushangaza katika majira yake ya kwanza ya baridi. Magari mengi yaliyoegeshwa nje ya nyumba yana waya au soketi ya umeme inayochungulia upande wa mbele, kana kwamba gari ni birika la chai.

Waya huo ni wa hita, yaani kifaa cha kupasha joto maji yanayozunguka ndani ya injini. Kazi yake ni kuiamsha injini kabla ya mwenye gari kuamka.

Anayenunua gari jipya katika nchi hizo anaweza kuagiza kifaa hicho pamoja na gari lenyewe. Mwenye gari kuukuu la dizeli, ambaye ndiye mwenye haja nacho zaidi, hulazimika kukitafutia nafasi katika mfumo wa maji ambao haukuundwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Hita zenyewe huuzwa zikiwa kamili na huwa na kinga zake za ndani. Kinachoamua iwapo zitamfaa mtu au zitamdhuru ni mambo mawili: maji yanapita wapi, na moshi unatokea wapi. Kosa katika la kwanza huharibu injini au hita. Kosa katika la pili huua watu.

Kwa nini dizeli huogopa baridi

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli, ambayo mvumbuzi wake Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina cheche. Pistoni hukandamiza hewa hadi ipate joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa ndani ya hewa hiyo na kuwaka yenyewe.

Katika Volkswagen Golf ya dizeli ya lita 1.6 ya miaka ya themanini, mathalan, hewa hukandamizwa hadi sehemu moja kati ya 23 za ujazo wake wa awali. Katika Mercedes-Benz 240D ya enzi hiyo ni sehemu moja kati ya 21.

Joto linalopatikana kwa njia hiyo hutosha injini ikiwa na uvuguvugu. Lakini chuma kikiwa kimelala usiku kucha katika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sufuri, kuta za silinda hunyonya joto la hewa kabla ya mafuta kushika moto.

Aidha, magari ya kizazi hicho yana udhaifu wa ziada. Mafuta hayanyunyiziwi moja kwa moja juu ya pistoni bali ndani ya chemba ndogo iliyo kichwani mwa silinda. Kuta za chemba hiyo huongeza eneo la kupotezea joto. Ndiyo sababu kila silinda imepewa plagi yake ya kupashia joto, ile ambayo dereva husubiri taa yake izimike kwenye dashibodi kabla ya kuzungusha ufunguo.

Plagi moja ikifa, silinda yake hukataa kuwaka, injini hutetemeka na moshi mweupe hutoka nyuma ya gari. Plagi mbili zikifa katika injini ya silinda nne, huenda gari lisiwake kabisa.

Wakati huo huo, oili huwa nzito kama asali, nayo betri ya risasi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa sababu ya baridi. Stata hutakiwa kuzungusha mzigo mzito zaidi kwa nguvu chache zaidi.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kuna tatizo moja la baridi ambalo hita ya maji haina tiba yake. Dizeli ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta hiyo huganda na kuziba chujio. Kwa sababu hiyo nchi za Ulaya huuza dizeli ya majira ya baridi. Nchini Ujerumani, ile inayouzwa tangu katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari hutakiwa kupita kwenye chujio hata katika nyuzi 20 chini ya sufuri. Mtu aliyebakiwa na dizeli ya kiangazi tangini hatasaidiwa na hita, maana hata hita inayotumia mafuta huyachota katika tangi hilo hilo.

Kifaa kilikotoka

Katika Amerika Kaskazini, hita ya umeme ya injini huhusishwa na Andrew Freeman wa Grand Forks, jimbo la North Dakota, aliyepewa hataza mwaka 1949. Kifaa chake kilichukua mahali pa bolti mojawapo ya kichwa cha silinda, nacho kilipashwa joto kwa umeme wa nyumbani.

Barani Ulaya, kampuni mbili za Kijerumani ndizo zilizovuma kwa hita zinazochoma mafuta. Webasto ilianzishwa mwaka 1901, na jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzilishi Wilhelm Baier na mji wa Stockdorf ulio karibu na Munich. Eberspächer ilianza mwaka 1865 mjini Esslingen. Katika hita za umeme, majina yanayosikika sana katika nchi za kaskazini ni DEFA ya Norway na Calix ya Uswidi.

Kuanzia miaka ya tisini, watengenezaji wa magari wenyewe walianza kutia hita ndogo ya mafuta katika baadhi ya magari ya dizeli. Injini mpya zilikuwa zimekuwa na ubanifu mkubwa wa mafuta kiasi kwamba joto lililobaki halikutosha kuwapasha abiria. Hita hizo za kiwandani, tofauti na zile za kuegeshea, kwa kawaida hufanya kazi injini ikiwa imewaka tu.

Aina mbili, gharama mbili

Hita ya umeme ndiyo rahisi. Ile ndogo ya kawaida hutumia kati ya wati 400 na 1,000. Baadhi hupachikwa ndani ya tundu la bloku ya injini, mahali pa kizibo cha chuma, na nyingine hukaa katikati ya mpira wa maji.

Hita ya umeme isiyo na pampu hutegemea kanuni moja tu: maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Kwa hivyo ni lazima ikae chini kabisa ya mfumo, na mpira unaotoka upande pasipo kujikunja kwenda chini. Ikiwekwa juu, maji yaliyo ndani yake huchemka ilhali bloku ya injini ingali baridi.

Hita ya umeme ina sharti moja lisiloepukika, nalo ni soketi. Anayeegesha barabarani au katika eneo la kazi lisilo na umeme hawezi kuitumia.

Hita ya mafuta haihitaji soketi. Ni tanuri dogo lenye ukubwa wa kutosha kukaa ndani ya bampa au kando ya betri. Huvuta dizeli kidogo kidogo kutoka tangini, huichoma ndani ya chumba kilichozungukwa na maji, na pampu yake ya umeme huyasukuma maji hayo kuzunguka injini.

Zile za magari madogo huwa na nguvu za kilowati 4 hadi 5. Zikiwa katika kasi ya juu huchoma takribani nusu lita ya dizeli au zaidi kidogo kwa saa. Hivyo basi, nusu saa ya kupasha injini hugharimu kama robo lita ya mafuta.

Bei ya kununua na kufungiwa hita mpya ya kampuni zenye jina inaweza kuzidi thamani ya gari kuukuu lenyewe. Ndiyo maana wengi hununua hita iliyotolewa katika gari lililovunjwa, au zile za bei nafuu kutoka Uchina ambazo siku hizi huuzwa mtandaoni. Mnunuzi wa aina hiyo hapati fundi wa kampuni. Hujifungia mwenyewe au humwita rafiki. Huyo ndiye anayepaswa kuelewa njia ya maji.

Njia ya maji

Katika kila gari lenye injini inayopozwa kwa maji, kuna mizunguko miwili. Mzunguko mkubwa hupitia rejeta ya mbele. Mzunguko mdogo hupitia rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambayo kazi yake ni kupasha joto abiria.

Injini ikiwa baridi, thamostati huufunga mzunguko mkubwa. Maji huzunguka ndani ya injini na katika ile rejeta ndogo tu. Hali hii ndiyo inayoifaa hita, kwani joto lake halipotei kwenye rejeta ya mbele. Thamostati iliyokwama ikiwa wazi huifanya hita ifanye kazi bure, na ni vyema ijaribiwe kabla ya jambo jingine lolote.

Mzunguko mdogo una mipira miwili. Mmoja hutoa maji ya moto injini, kwa kawaida kwenye kichwa cha silinda, na kuyapeleka nyuma ya dashibodi. Mwingine huyarejesha upande wa pampu ya maji ya injini. Hita hukatiwa nafasi katika ule mpira wa kwanza, ule unaokwenda ndani ya gari.

Ili kuutambua mpira huo, fundi huwasha injini ikiwa baridi, huweka kidhibiti cha joto kwenye nafasi ya moto kabisa, na kugusa mipira yote miwili kila baada ya muda. Ule unaotangulia kupata joto ndio wa kwenda.

Maji yakipita hivyo, mpangilio huwa huu: kutoka injini hadi kwenye hita, kutoka kwenye hita hadi rejeta ndogo, na kutoka hapo kurudi injini. Abiria hupata joto la kwanza, injini hupata la pili.

Mwelekeo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Pampu ya hita ina mshale unaoonyesha maji yanakoelekea, na mshale huo sharti ufuate upande ule ule ambao pampu ya injini husukumia. Zikielekezwa kinyume, kila kitu kitaonekana sawa gari likiwa limeegeshwa. Injini ikiwaka, pampu mbili zitashindana, maji yatasimama ndani ya hita, na hita itajizima kwa joto la kupita kiasi.

Kizuizi kinachosahauliwa

Magari mengi ya zamani yana valvu katika mzunguko mdogo. Katika Golf ya kizazi cha pili, mathalan, valvu hiyo huvutwa kwa waya kutoka kwenye kidhibiti cha dashibodi. Dereva akikisogeza upande wa baridi, valvu hufunga na maji hayapiti tena kwenda ndani.

Hita iliyounganishwa katika mpira huo huo itajikuta inasukuma maji kwenye mlango uliofungwa. Katika dakika chache maji machache yaliyomo ndani yake yatachemka, na kinga ya joto itaizima. Mwenye gari ataamka asubuhi akute injini ingali barafu, na huenda akadhani hita ni mbovu.

Suluhisho la kwanza ni mazoea: kila jioni kabla ya kushuka, kidhibiti kiachwe kwenye nafasi ya moto. Suluhisho la pili ni la kifundi, nalo ni kuweka njia ya mkato kwa viungo viwili vya umbo la herufi T na valvu ya njia moja, ili maji yapate kurudi injini hata valvu ya gari ikiwa imefungwa.

Vilevile kuna suala la feni. Hita nyingi za mafuta huiwasha feni ya gari maji yakishapata uvuguvugu, ili vioo viyeyuke barafu. Feni ikiachwa kwenye kasi ya juu, joto lote hupulizwa ndani ya gari na injini haipati kitu, tena betri humalizika. Anayetaka injini ipate joto huiacha feni kwenye kasi ya chini kabisa.

Kupachika na kutoa hewa

Mahali pa kupachika hita pawe chini ya kiwango cha chini kabisa cha maji ya injini. Sababu yake ni kwamba hewa hukimbilia juu. Hita iliyo mahali pa juu kuliko vyote huwa mfuko wa hewa, nayo hewa haibebi joto wala haiizuii pampu kuungua.

Mfano wa mpira wenye upana sawa na ule wa gari ndio utumike. Kwa magari mengi madogo upana wa ndani ni takribani milimita 18 hadi 20. Mpira usikunjwe kwa ukali, usiguse ekzosi, wala usisuguane na chuma chenye makali. Kila kiungo kipate klipu yake, na viungo viwe na ukingo ulioinuka ili mpira usichomoke.

Maji yanayorudishwa yawe mchanganyiko wa maji na dawa ya kuzuia kuganda. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa glaikoli ya ethilini huvumilia takribani nyuzi 36 chini ya sufuri. Wapo wanaodhani kwamba dawa tupu ni bora zaidi, lakini dawa tupu huganda kwenye takribani nyuzi 13 tu chini ya sufuri. Maji matupu ndiyo hatari kubwa: yakiganda hupanuka kwa kama asilimia 9, kiasi cha kupasua bloku ya chuma.

Kazi ya kutoa hewa haitaki haraka. Kidhibiti cha joto hufunguliwa kabisa, maji hujazwa polepole, mipira hubinywa kwa mkono, kisha injini huwashwa hadi thamostati ifunguke na mipira yote ipate joto. Injini huzimwa na kuachwa ipoe, na maji huongezwa. Hita haiwashwi hata mara moja kabla ya hatua hii kukamilika.

Mafuta na umeme

Dizeli ya hita huvutwa na pampu ndogo inayopima kila tone, na mlio wake wa kugonga husikika usiku ulio kimya. Pampu hiyo hupendelea kuwa karibu na tangi na chini ya gari, ikiwa imeinamishwa ili upande wa kutolea mafuta uwe juu na mapovu yapate kupita. Hufungwa kwa raba ili mlio usiingie ndani.

Njia bora ya kuchota mafuta ni bomba jembamba lake peke yake ndani ya tangi. Wengine hukata bomba linalokwenda kwenye injini na kutia kiungo cha T. Katika gari kama Golf, ambalo pampu yake ya injini hujivutia mafuta yenyewe kutoka tangini, kiungo kinachovuja hewa hata kidogo huinyima injini mafuta. Gari ambalo lilikuwa likisumbua kwa baridi tu sasa hukataa kuwaka hata kwenye jua.

Kwa upande wa umeme, hita hupewa waya wake kutoka kwenye betri pamoja na fyuzi yake. Sehemu yake ya kuwashia moto hutumia umeme mwingi katika dakika za kwanza, kisha matumizi hushuka hadi wati 20 au 40 hivi, mbali na feni.

Kanuni inayofuatwa na madereva wa huko ni kwamba muda wa kuendesha usipungue muda wa kupasha. Aliyepasha injini kwa nusu saa kisha akaendesha kwa dakika tano hadi dukani, kila siku, atakuwa na injini yenye joto na betri iliyokufa. Kadhalika, betri iliyochakaa ibadilishwe kwanza, kwa kuwa hita hujizima yenyewe nguvu za umeme zikishuka mno.

Moshi usioonekana

Hita ya mafuta ni moto ulio hai ndani ya gari. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa wepesi unaozidi ule wa oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa na kichwa, husinzia, kisha hupoteza fahamu bila kujua ni nini kimempata.

Kwa hivyo bomba la moshi la hita halina mzaha. Liwe la chuma kisichoshika kutu, lifungwe imara, na mdomo wake utokeze kando ya gari, mbali na madirisha na matundu ya kuvutia hewa ya feni. Lisiishie katikati ya sakafu, kwani gari lililozingirwa na theluji huwa kama sufuria iliyofunikwa, na moshi hutafuta kila tundu la kutu ili uingie ndani.

Gari kuukuu halikosi matundu ya kutu. Kabla ya kufunga hita, sakafu na ukuta unaotenganisha injini na abiria vikaguliwe na kuzibwa.

Bomba hilo hutobolewa kitundu kidogo mahali pa chini kabisa ili maji ya mvuke yatoke. Yakibaki huganda, huziba bomba na kuuzima moto. Bomba liwe mbali na mipira ya mafuta na nyaya, kwani hupata joto kali. Hewa inayochomea mafuta nayo ivutwe kutoka nje, kamwe isivutwe kutoka ndani ya gari.

Hita ya mafuta haiwashwi ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Hatari kubwa iko kwa wenye saa ya kujiwashia: gari lililozoea kulala nje likiingizwa gereji usiku mmoja, saa haijui. Itawasha moto alfajiri, na iwapo gereji imeshikana na nyumba, gesi itawafuata waliolala. Kengele ya kaboni monoksidi ni kinga ya bei ndogo, na hita izimwe vilevile gari linapoingia kituo cha mafuta.

Nchi nyingi za Ulaya hufuata Kanuni Nambari 122 ya Umoja wa Mataifa inayohusu mifumo ya kupasha joto magari. Mwenye gari anayebadilisha mfumo huo apate kujua kabla ya kununua kama hita yake imeidhinishwa, na kama gari litahitaji kukaguliwa upya. Kampuni ya bima inaweza kuuliza swali hilo siku ya ajali au ya moto.

Dalili na matunzo

Hita ikiwaka na kuzima baada ya dakika chache, sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni hewa katika maji au valvu iliyofungwa. Ikitoa moshi mweupe bila kushika moto, mara nyingi mafuta hayafiki ipasavyo au sehemu ya kuwashia imechoka. Ikizimika mara tu inapojaribu kuwaka, betri au viungo vya waya ndivyo vya kutazamwa.

Kiwango cha maji kikishuka wiki baada ya wiki, kila kiungo kipya kikaguliwe. Mpira mpya hulegea kwenye klipu baada ya kupata moto na baridi mara kadhaa, na klipu hutakiwa kukazwa tena.

Hita iwashwe kwa dakika 10 kila mwezi, hata wakati wa kiangazi. Mafuta yaliyolala ndani ya pampu huacha utando, na ugonjwa huo hujulikana asubuhi ya kwanza ya theluji.

Yanayomhusu mwenye gari nchini Kenya

Hapa nchini, hata mkazi wa Limuru au Timboroa hana haja ya kifaa hiki. Plagi za kupashia joto zilizo nzima na betri yenye nguvu humtosha. Hata hivyo, baadhi ya magari ya dizeli yaliyoundiwa soko la Ulaya, yakiwemo Land Rover Discovery 3 na Volkswagen Sharan, hutoka kiwandani yakiwa na hita ya mafuta, nayo yakiuzwa upya hubeba hita hiyo hadi yanakopelekwa.

Mnunuzi aonapo bomba dogo la pili la moshi karibu na gurudumu la mbele, au gari linapopunguza maji bila alama ya kuvuja kwenye rejeta, amwombe fundi aitazame hita hiyo. Huweza kuwa imeoza ndani kwa miaka mingi ya kutotumiwa.

Isipohitajika, huweza kuondolewa katika mzunguko: mipira yake miwili huunganishwa kwa kiungo cha chuma chenye upana ule ule, bomba la mafuta huzibwa kabisa, fyuzi hutolewa, na hewa hutolewa upya katika maji ya injini. Kuubana mpira kwa koleo na kuufunga kwa waya, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, husimamisha mzunguko mdogo wote na huweza kuacha hewa kichwani mwa silinda.

Kwa anayeishi kwenye theluji au anayeishi kwenye jua, fundisho ni lile lile. Kabla ya kukata mpira wowote, fundi ajue maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Na kabla ya kuwasha moto wowote, ajue moshi wake utatokea wapi.